Ukiigiza Zimwi, Nani Atakurudishia Uso Wako?

Ikiwa umewahi kupitia Karatina siku ya soko, huna haja ya kuelezwa jinsi mtu anavyopigwa vikumbo kila hatua. Magunia ya viazi, marundo ya kabeji, mitumba, kuku, na makanga wa matatu wakiita abiria wa Nyeri na Nairobi. Wote wanagombania nafasi moja. Si mahali pa kuzungumzia sinema. Lakini hapo ndipo mazungumzo haya yalipoanzia.

Ilikuwa Jumamosi mwanzoni mwa muhula wa kwanza. Jirani yangu, mama anayeuza viazi na karoti, alinivuta kando kana kwamba ana siri ya kunipa. Bintiye, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa amechaguliwa kushiriki katika mchezo ambao shule yao ingeupeleka kwenye mashindano ya drama. Nikampongeza. Akanikatiza.

"Usinipongeze kabla hujajua amepewa kazi gani," akasema. "Wenzake wamepewa umama, ualimu, hata uchifu. Wangu amepewa kuwa irimu."

Kwa wasiojua Kikuyu, irimu ni zimwi, lile dude la hadithi lenye nywele ndefu na mdomo wa pili kisogoni.

"Mimi nalipa karo asome," akaendelea. "Leo watu watamwona jukwaani akinguruma. Kesho akipita hapa sokoni watasema, tazama irimu anapita. Na yeye mwenyewe akishazoea, nani atamrudishia uso wake?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwahidi kwamba ningelitafuta. Hili hapa, msomaji, ndilo nililolipata, nami naona heri tuligawane, kwa sababu huenda hata nyumbani kwako yumo kijana anayeota kuwa mwigizaji.

HOFU YA MAMA SI UPUUZI

Kwanza tusimcheke mama huyu. Wengi wa rika lake walikulia katika miaka ambayo vitisho havikuwa mchezo. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza madai ya ibada za shetani nchini, na mwenyekiti wake alitoka papa hapa kwetu: Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ya tume hiyo ilitolewa hadharani mwaka wa 1999. Kwa muda wote huo wazazi walikuwa wakikagua vitabu, kanda za muziki na za video, wakihofia kwamba shetani angeingia nyumbani kupitia runinga. Mtu aliyelelewa hivyo akisikia mtoto wake amevishwa pembe au mdomo wa pili, moyo lazima upige kwa kasi.

Hata hivyo, kutishwa kwa hadithi hakukuja na sinema. Waulize wazee wa Mathira wakusimulie ile ya mke wa mhunzi. Mume amekwenda kufua vyuma mbali, mke amejifungua, na zimwi limeingia nyumbani likijifanya msaidizi. Linapika chakula cha mzazi, linamwonyesha, kisha linakila lenyewe. Mama anadhoofika siku baada ya siku, hadi anapomtuma njiwa akamwite mumewe.

Je, nani aliyekuwa akiigiza zimwi hilo? Nyanya. Kando ya moto alibadilisha sauti, akatoa macho, akameza mate kwa kishindo, na wajukuu wakasogeleana. Hadithi ilipokwisha, nyanya yule yule akapakua githeri. Hakuna aliyemkimbia kesho yake asubuhi. Wote walijua sauti ya zimwi ilikuwa imeazimwa, na imerudishwa ilikotoka.

Sinema ilivuruga mpango huo. Katika sinema uso wa mwigizaji husafiri hadi mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika. Watu humwona akitisha, lakini hawapo anapovua vazi na kupakua githeri.

MKENYA ALIYEGEUKA AMIN

Mfano mkubwa tulionao ni wa Joseph Olita. Mwaka wa 1981 ilitoka filamu ya Rise and Fall of Idi Amin, iliyoelekezwa na Sharad Patel na kupigwa hapa Kenya. Olita, Mkenya mwenye kiwiliwili kikubwa na uso uliofanana mno na wa dikteta huyo wa Uganda, ndiye aliyepewa kuwa Amin. Utawala halisi wa Amin, ulioanza mwaka wa 1971, ulikuwa umeanguka mwaka wa 1979 tu. Maelfu ya Waganda walikuwa wangali wakiomboleza jamaa zao.

Ile haikuitwa filamu ya kutisha, lakini aliyeitazama anajua ilivyokuwa. Damu, mateso, vichwa vya watu ndani ya friji. Ilipoonyeshwa katika majumba ya sinema, na baadaye katika vibanda vya video vya miji yetu midogo, wapo waliotoka wakiamini kwamba wamemwona Amin mwenyewe. Olita aliifanya kazi yake barabara.

Je, malipo ya kuifanya barabara yalikuwa nini? Miaka 10 baadaye, mwaka wa 1991, mwelekezi Mira Nair alitoa filamu ya Mississippi Masala, inayohusu familia ya Wahindi iliyofukuzwa Uganda. Olita yumo. Anaigiza nani? Amin tena. Na alipofariki mwezi Juni 2014, taarifa za kifo chake zilimtambulisha kama yule mtu aliyeigiza Idi Amin. Miaka 33 ilikuwa imepita, na vazi lilikuwa bado limemganda mwilini.

Si yeye peke yake duniani. Bela Lugosi, mzaliwa wa Hungaria, aliigiza mnyonya damu Dracula katika filamu ya Marekani ya mwaka wa 1931. Baada ya hapo kila mlango aliobisha alifunguliwa na mtu aliyetaka Dracula. Alipoaga dunia mwaka wa 1956, familia yake ilimzika akiwa amevishwa joho la Dracula. Fikiria hilo, msomaji: mtu anaingia kaburini na nguo ya kazi.

Lakini katika mwaka huo huo wa 1931 alikuwepo mwingine, Boris Karloff, aliyekuwa jitu la Frankenstein. Huyu alikuwa akiketi kwa saa nyingi akipakwa rangi na kubandikwa vipande usoni, kisha akitembea kwa viatu vizito mchana kutwa. Taabu hiyo haikumfanya jitu. Ilimfanya atetee wafanyakazi wenzake: alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu Marekani mwaka wa 1933. Na mwaka wa 1966, sauti ile ile iliyotisha dunia ilitumiwa kusimulia hadithi ya Krismasi ya watoto katika runinga. Karloff alirudi nyumbani akiwa na uso wake.

Sasa tujiulize, anayerudi hutumia njia gani?

LUPITA NA PACHA WA KUTISHA

Jibu bora nililipata kwa mwigizaji tunayemwita wetu, Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico mwaka wa 1983 na wazazi Wakenya, akalelewa hapa Kenya, na alipokuwa na umri wa miaka 14 tu alipanda jukwaa la Phoenix Players jijini Nairobi akiwa Juliet wa Shakespeare. Mwaka wa 2014 alishinda tuzo ya Oscar kwa kuigiza mtumwa Patsey katika 12 Years a Slave.

Ungedhani baada ya Oscar angepewa kila aina ya kazi. La hasha! Mwenyewe ameeleza kwamba alichotumiwa kwa wingi ni kazi za utumwa zaidi: mtumwa huku, mtumwa kule. Yaani ni yale yale yaliyompata Olita na Lugosi. Lupita aliona afadhali apate kazi chache kuliko kuendelea kuupa ulimwengu picha moja tu ya Mwafrika. Huo ndio mlango wa kwanza wa kurudia nyumbani: kuweza kusema hapana.

Ajabu ni kwamba baadhi ya kazi alizozikubali ni za kutisha. Mwezi Machi 2019 ilitoka filamu ya Us, ya mwelekezi Jordan Peele. Mama mmoja aitwaye Adelaide anakwenda likizo ufuoni pamoja na mumewe na watoto wawili. Usiku wanatazama nje na kuona familia nyingine imesimama kimya, imeshikana mikono. Ni wao wenyewe! Sura zao, miili yao, ila wamevaa mavazi mekundu na kubeba makasi. Kiongozi wa wale wageni anaitwa Red. Lupita anaigiza wote wawili, Adelaide na Red, anayewindwa na anayewinda.

Kabla ya kazi kuanza, Peele alimpa orodha ya filamu 10 za kutisha azitazame, ikiwemo The Birds na The Shining, ili waelewane wanapozungumza juu ya hofu. Mwigizaji huyo alisoma jinsi hofu inavyojengwa kama vile mwanafunzi anavyosoma kemia. Kisha akampa kila mwanamke mwendo wake, mkao wake na sauti yake. Red si dude linalonguruma tu. Ana sababu. Alinyimwa kitu, na filamu nzima ni madai yake. Filamu hiyo ilikusanya zaidi ya dola milioni 250 kote ulimwenguni, na wachambuzi wengi walikubaliana kwamba nguzo yake ilikuwa Lupita.

Mwaka huo huo alionekana katika Little Monsters, filamu ya Australia ambayo ni ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Humo ni mwalimu wa chekechea aliyewapeleka watoto matembezi, kumbe maiti wanaotembea wamezagaa. Anawaimbia watoto na kuwaambia kwamba yote hayo ni mchezo, huku yeye akipigana. Mzazi yeyote aliyewahi kuficha habari ya njaa au ya ugonjwa asiwatie watoto hofu anaijua kazi hiyo bila kufundishwa.

Na mwaka wa 2024 ikaja A Quiet Place: Day One. Viumbe wasioona lakini wenye masikio makali wameuvamia mji wa New York, na anayepiga kelele anauawa. Lupita ni Samira, mshairi anayeugua saratani, anayetembea katika mji uliobomoka akiwa amembeba paka wake. Hapa kuna kichekesho. Lupita alikuwa akiogopa paka kupindukia, hata akauliza kama wangeweza kumbadilisha mnyama huyo na mwingine. Hawakukubali. Ikabidi azoeshwe polepole, hatua kwa hatua. Alizoea hivi kwamba baadaye, mwaka wa 2023, alimchukua paka wake mwenyewe wa kufuga nyumbani.

Umeona, msomaji? Kazi ya kutisha watu ilimponya hofu yake mwenyewe.

KOSA LENYE MAFUNZO

Lakini si kila kitu kilikwenda sawa, na hapa nawaomba hasa wanafunzi watege sikio.

Sauti ya Red katika Us ni ya kukwaruza, kama mtu anayevuta maneno kutoka kisimani. Lupita alishauriana na wataalamu wa koo na wa sauti ili asijiumize. Wakati filamu ilipokuwa ikitangazwa, alieleza kwamba miongoni mwa mambo yaliyompa wazo hilo ni ugonjwa halisi unaofanya misuli ya koo ikaze yenyewe, na sauti ya mgonjwa ikatike-katike anapozungumza.

Watu wenye ugonjwa huo waliumia. Walisema: sisi tunajikaza kila siku ili tuonekane watu wa kawaida kazini na dukani, kisha unaichukua sauti yetu na kuifanya alama ya uovu? Chama chao nchini Marekani kilitoa malalamiko hayo hadharani.

Lupita angeweza kujificha nyuma ya mafanikio ya filamu. Badala yake alijitokeza katika runinga akaomba radhi. Alieleza kwamba alitoa wazo lake katika mambo mbalimbali, kwamba hakukusudia kumdhalilisha mtu, na kwamba anawasikitikia walioumia.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kosa hilo halikumwondoa katika kazi, bali lilituachia sisi sote kipimo. Zimwi linaweza kuazima sauti ya upepo, ya fisi, ya mlango mkuukuu. Lisiazime kilema cha jirani.

NILIVYORUDI KWA MAMA

Jumanne iliyofuata nilirudi sokoni, nikampata mama akipanga viazi vyake kwenye debe. Bintiye alikuwa nyumbani kwa mapumziko mafupi na alikuwa akimsaidia. Nikawasimulia wote wawili haya niliyokusimulia wewe.

Nilipofika kwenye sauti ya Red, msichana aliinamisha kichwa. Mama akamtazama, kisha akaniambia, "Mwache aseme mwenyewe."

Kumbe katika mazoezi alikuwa amelipa zimwi lake mwendo wa kuchechemea, na wenzake wakaangua kicheko kila mara kwa sababu waliutambua. Ulikuwa ni mwendo wa mzee mmoja anayeng'arisha viatu karibu na steji ya matatu, mtu ambaye polio ilimpooza mguu tangu utotoni. Mama alikuwa ameuona mwendo huo nyumbani, jioni binti alipokuwa akijizoeza uani. Hilo, zaidi ya jina la irimu, ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

"Yule mzee hunisalimia kila asubuhi," mama akasema. "Nitamwangalia vipi?"

Msichana hakujitetea. Alinyamaza kwa muda, akiokota karoti moja na kuifuta udongo. Kisha akauliza, si mimi wala mama yake, ni kama aliyekuwa akijiuliza mwenyewe: "Kwani hilo irimu linatembeaje? Limekula chakula cha watu wawili. Si linapaswa kutembea kama aliyebeba gunia tumboni?"

Akainuka, akajaribu hapo hapo kati ya debe na kapu. Miguu wazi, mgongo umepinda nyuma, mkono mmoja tumboni. Mteja aliyekuwa akiuliza bei alirudi nyuma hatua mbili. Mama akacheka, kisha akajuta kucheka.

Alitoa ruhusa, ila kwa sharti moja. Sharti lenyewe aliniambia kando, nami nilidhani ni mzaha.

Wewe mzazi unayesoma haya, huenda una mtoto ambaye hataki kuwa daktari wala wakili. Usimfungie mlango kwa sababu ya vazi atakalovaa. Muulize zimwi lake linataka nini na limetoa wapi mwendo wake. Akiweza kujibu, anajifunza kazi. Asipoweza, anacheza tu na hofu za watu. Nawe mwanafunzi, usidhani kutisha ni kupiga kelele. Anayetisha kikweli ni yule aliyekaa chini akatafuta sababu. Na sisi watazamaji tuna deni. Tulimwita Olita Amin hadi kaburini, ilhali alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake. Tukikutana na mwigizaji barabarani, tumwite kwa jina hilo.

Siku ya mchezo tulikwenda. Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani, na ukungu wa Karatina ulikuwa umeteremka mapema. Zimwi lilipoingia, uso umepakwa masizi ya sufuria na kitambaa chekundu kimeshonwa kisogoni kuwa mdomo wa pili, watoto wa shule ya msingi walioketi mbele walipiga mayowe. Halikuchechemea. Lilitembea polepole, limeshiba, na kila hatua lilimtazama yule mama mzazi aliyelala na njaa. Hakuna aliyecheka.

Mchezo ulipokwisha, mama aliinuka kabla ya makofi kumalizika. Alipita katikati ya viti akiwa na mfuko wa plastiki, akapanda jukwaani mbele ya walimu na wazazi wote, akatoa taulo alilokuwa amelilowesha maji ya vuguvugu. Akamshika binti yake kidevu, akamfuta paji la uso, mashavu, pua, hadi taulo likawa jeusi na msichana akaonekana.

"Haya," akasema. "Sasa umerudi. Salimia watu."